Kubadili muundo wa data wakati wamama wameshaweka hisa

Programu ya kikoba ninayoitunza haina hata mstari mmoja wa maandishi ya programu ndani yake. Yote ni bloku, yaani vipande vya amri vinavyounganishwa kama fumbo: za rangi ya dhahabu kwa matukio, za chungwa kwa vigeu (majina yanayotunza thamani), za bluu nyepesi kwa orodha, za zambarau kwa taratibu (amri kadhaa zilizofungwa chini ya jina moja). Unaiburuta bloku, unaipachika kwenye nyenzake, na ikikubali kushika unajua angalau umbo linaruhusu. Imetengenezwa kwa MIT App Inventor, chombo ambacho Google ilikitoa mwaka 2010, ikakifunga mwishoni mwa 2011, na chuo cha MIT kule Marekani kikakichukua na kukiendeleza hadi leo. Kuna watu wanakidharau, wanasema ni cha watoto wa shule. Mimi sina ugomvi nao. Wamama wa Mbagala wanaotunza fedha zao humo hawajawahi kuniuliza imeandikwa kwa lugha gani.

Kikoba chenyewe ni cha kawaida. Wanachama wake wengi ni mama ntilie na wauza mitumba, wanakutana mara moja kwa wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, wanatozana faini kwa kuchelewa, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Ofisi yangu ni chumba cha kutengeneza simu karibu na Rangi Tatu, na programu niliipokea kutoka kwa kijana wa mtaani aliyeianzisha kabla hajaenda kusoma Dodoma. Alinitumia faili la mradi kwa WhatsApp, akaniambia, "Bro, ipo vizuri, ni kuongeza tu vitu vidogo vidogo." Na kweli ilikuwa vizuri. Shida ya programu kama hii haianzi siku inapotengenezwa. Inaanza siku kikundi kinapotaka kuandika jambo ambalo mwanzoni halikuwepo.

Muundo alioniachia ulikuwa huu: kila mwanachama ni orodha ndogo yenye vitu vinne, yaani jina, namba ya simu, hisa na mkopo. Orodha hizo ndogo zimekaa ndani ya orodha kubwa ya wanachama, na orodha kubwa inahifadhiwa kwenye TinyDB, ghala dogo la ndani ya simu. Kupata mkopo wa mtu unachukua bloku ya kuchagua kitu kwenye orodha na kuipachikia namba 4. App Inventor inahesabu kuanzia 1, si 0 kama lugha nyingine nyingi, kwa hiyo nne ni nne kweli.

Kisha wakataka mfuko wa jamii uingie. Ule mchango mdogo wa kusaidiana kwenye misiba na ugonjwa ulikuwa unaandikwa kwenye daftari peke yake. Katibu alisisitiza ukae katikati, baada ya hisa na kabla ya mkopo, kwa sababu ndivyo ulivyo kwenye daftari na ndivyo anavyosoma kwa sauti kwenye kikao. Alikuwa na haki yake. Lakini kuingiza kitu katikati ya orodha ni sawa na konda kumpenyeza abiria katikati ya siti ya nyuma ya daladala: kila aliye upande wa pili anasogea, na aliyekuwa wa nne sasa ni wa tano. Ile namba 4 iliyokuwa ikimaanisha mkopo, sasa inamaanisha mfuko wa jamii.

Hapa ndipo lugha za bloku zinapotofautiana na zile za kuandika. Kwenye Java, kwa mfano, ungekuwa umetangaza mahali fulani kwamba mwanachama ana jina, simu, hisa na mkopo. Ukibadilisha tangazo lile, kila sehemu isiyopatana nalo inapiga kelele kabla programu haijaanza kufanya kazi. Kwenye bloku hakuna tangazo. Umbo la mwanachama halijaandikwa popote. Limetawanyika katika vijibloku vya namba, 3 hapa, 4 pale, vingine kwenye skrini ya marejesho, vingine kwenye skrini ya mgawo, na kimoja nilikikuta kimejificha ndani ya bloku iliyokunjwa ambayo yule kijana aliikunja ili ukurasa usijae. Namba 4 nyingine haihusiani kabisa na mkopo. Ni idadi ya wiki za mwezi kwenye hesabu ya riba. Kwa macho zote ni kijibloku kilekile. Na hakuna nyekundu itakayowaka. Programu itafunguka, itaonyesha jina la mama na mkopo wake, ila huo mkopo utakuwa mchango wake wa misiba.

Kabla sijampelekea mtu yeyote programu iliyobadilishwa, nilimwomba mweka hazina anihamishie data ya simu yake halisi. Hili nalipendekeza kwa kila mtu. Ukijaribu programu yako kwa kutumia Companion, ile ya kuunganisha simu na kompyuta wakati wa kutengeneza, unacheza na ghala la Companion yenyewe, si ghala la programu iliyosakinishwa kwenye simu ya mtu. Humo utakuta data uliyoingiza jana kwa muundo wa jana, kila kitu kinakaa sawa, na unajidanganya. Data ya mweka hazina ilikuwa na majina yenye nafasi mbili katikati, namba za simu zilizoachwa wazi, na mwanachama mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa sababu aliolewa akabadilisha jina. Nilipoipakia kwenye simu yangu ya majaribio, skrini ya mkopo ikagoma: imeombwa kitu cha tano kwenye orodha yenye vitu vinne. Nilifurahi, maana kugoma ni afadhali. Skrini ya mgawo haikugoma. Ilisoma kitu cha nne, ambacho kwenye data ya zamani ni mkopo, ikakipokea kama mfuko wa jamii, ikafanya hesabu nzuri kabisa ya uongo.

Nilianza na usafi wa nyumba. Kila uwanja, yaani kila kitu kimoja cha mwanachama kama hisa au mkopo, ukapata utaratibu wake wa kusoma na wa kuandika: soma_mkopo, weka_mkopo, soma_hisa, na kuendelea. Ndani ya utaratibu ndimo namba inamokaa, na hairuhusiwi kukaa mahali pengine popote. Skrini ikitaka mkopo inaita bloku ya zambarau yenye jina, haijui wala haihitaji kujua kama ni kitu cha nne au cha tisa. Kazi ya kubadilisha ilikuwa ya kuchosha, kubofya na kuburuta, ila ilikuwa kazi ya mikono, si ya kichwa.

Kuna mtego mmoja hapo ambao mtu wa App Inventor ataujua. Taratibu na vigeu vya skrini moja havionekani kwenye skrini nyingine. Programu yetu ilikuwa na skrini kadhaa, kwa hiyo soma_mkopo ingelazimika kunakiliwa kwa kila skrini, na tukirudi baada ya mwaka tungekuta nakala tano zisizofanana. Kuna begi la kubebea bloku kutoka skrini hadi skrini, linasaidia kunakili lakini halisaidii nakala zibaki sawa. Nikaamua kuzivunja skrini zote ziwe moja yenye mipangilio ya wima, mmoja unaonekana, mingine inafichwa. Ukurasa wa bloku ukawa mpana kama uwanja, sikatai, na kwenye laptop yangu yenye kumbukumbu ndogo unajikokota. Lakini muundo wa data ukawa na makazi mamoja. Nikilazimika kuchagua kati ya ukurasa mzuri wa macho na muundo wenye makazi mamoja, nachagua la pili bila kujadiliana.

Wazo lililofuata sikulipata kwenye mafunzo yoyote. Nililipata ndani ya faili la mradi. Faili la mradi la App Inventor lenye mwisho wa aia ni zipu ya kawaida. Ukilifungua unakuta kila skrini ina mafaili mawili, moja la muonekano na jingine la bloku. La muonekano ni JSON, maandishi ya data yanayosomeka kabisa, na karibu na mwanzo wake kuna kitu kinaitwa YaVersion chenye namba, halafu kila kijenzi, kama kitufe, kina alama yake ya Version yenye namba yake. Nikajiuliza namba hizi zote ni za nini. Jibu ni kwamba waliotengeneza App Inventor nao wanabadilisha miundo yao. Kitufe cha miaka kadhaa iliyopita hakina sifa zote za kitufe cha leo. Ukifungua mradi wa zamani, mfumo unaangalia namba, unaona mradi uko nyuma, unaupandisha hatua kwa hatua hadi ufike toleo la sasa. Ndiyo maana mradi wa yule kijana ulifunguka kwangu bila lawama. Wenyewe wanafanya hivyo kwa ajili yao, lakini kwa data ya kikoba chako hawawezi kukufanyia, kwa sababu hawajui mkopo ni nini.

Basi nikaiga. Data yetu ikapata namba ya toleo. Programu inapofunguka, kabla haijaonyesha chochote, inasoma data kutoka TinyDB, inaangalia toleo, na kama haioni namba yoyote inaichukulia kuwa toleo la 1, kwa sababu bloku ya kusoma TinyDB inakuruhusu kutaja thamani ya kutumia endapo hakuna kitu. Halafu zinafuata bloku za ikiwa: ikiwa toleo ni 1, ita panda_1_hadi_2, ikiwa toleo ni 2, ita panda_2_hadi_3. Ni ikiwa zinazojitegemea, zimepangwa moja chini ya nyingine, si tawi la vinginevyo. Simu ya mwenyekiti, ambayo hukaa miezi bila kupata apdeti kwa kuwa yeye mwenyewe hukaa miezi Kilwa kwenye mashamba, inapanda ngazi zote kwa mkupuo mmoja. Ungeweka vinginevyo ingepanda ngazi moja na kusimama hapo.

Kisha swali dogo ambalo lilinifanya nisimame: namba ya toleo ikae wapi? Jibu la haraka ni kwenye lebo yake, yaani jina la kuhifadhia, ndani ya TinyDB, pembeni ya lebo ya wanachama. Fikiria sasa simu ya mweka hazina, betri iko asilimia mbili, apdeti imeingia, data imeshapandishwa na kuhifadhiwa, simu inazima kabla namba ya toleo haijaandikwa. Ikiwashwa, programu inasoma toleo la 1, inapandisha tena data ambayo imeshapanda, na kila mwanachama anaingiziwa mfuko wa jamii mara ya pili. Mkopo unakuwa kitu cha sita. Nililijaribu hili kwa makusudi, kwa kuifunga programu kwa nguvu katikati, na ikatokea kama nilivyohofia. Dawa yake ni kuweka toleo na wanachama ndani ya kifurushi kimoja chini ya lebo moja, vihifadhiwe kwa pigo moja. Ama vyote vimeandikwa, ama hakuna kilichoandikwa. Lebo ya zamani nikaiacha bila kuigusa kwa mzunguko mzima, haikuniongezea gharama yoyote.

Na ukiwa unapandisha, angalia nakala zako. Kwenye App Inventor ukisema kigeu B kiwe sawa na kigeu A, na A ni orodha, hujatengeneza orodha ya pili. Umeipa orodha ileile majina mawili. Kwenye mradi niliopokea kulikuwa na kigeu kinachoitwa nakala_salama, kinajazwa kabla ya marekebisho yoyote, na kila ulichobadilisha kwenye orodha kuu kilibadilika na humo humo. Ilikuwa salama kwa jina tu. Kuna bloku maalumu ya kunakili orodha. Hiyo ndiyo inayotengeneza nyingine.

Mambo ya bloku yalikwisha, tukaja kwenye lile ambalo bloku haziwezi kukuamulia. Mwanachama wa zamani anapopata uwanja mpya wa mfuko wa jamii, uandikwe nini? Mimi niliona sifuri ndiyo jibu. Nikamwonyesha mweka hazina, mama mtu mzima mwenye duka la kanga, amekaa kwenye kiti cha wateja wangu huku miwani ameishusha puani.

"Shikamoo mama. Hebu angalia hapa, kila mtu ameanza na sifuri."

"Marahaba mwanangu. Sifuri ya nini?"

"Ya mfuko wa jamii. Ni mpya, kwa hiyo wanaanza upya."

"Mpya kwako. Sisi tunauchangia tangu mzunguko wa kwanza. Ukimwandikia mtu sifuri umemwandikia deni. Leo nikifungua hii simu mbele ya kikao, wamama watanirarua."

Tukalifungua daftari lake. Kweli, michango yote imo, kwa peni ya bluu, na iliyochelewa kwa peni nyekundu. Kwa hiyo thamani ya mwanzo haikuwa sifuri. Ilikuwa wazi, yaani haijajazwa, na programu iliionyesha kwa kistari hadi mweka hazina aingize kutoka kwenye daftari. Kistari hicho kiliniletea kazi nyingine, maana ukijumlisha maandishi matupu na namba, programu inagoma. Nikatenganisha taratibu mbili: moja inasoma kwa ajili ya kuonyesha na inarudisha kistari, nyingine inasoma kwa ajili ya kujumlisha na inaruka walio wazi, kisha inasema chini ya jumla kwamba fulani na fulani bado. Sijawahi kuona mafunzo ya App Inventor yanayozungumzia jambo hili, na nadhani ndilo zito kuliko yote.

Ngazi iliyofuata ilikuwa kuachana na nafasi kabisa. App Inventor ina kamusi, ambapo kila thamani ina ufunguo wake wa maandishi. Mwanachama akawa kamusi yenye funguo: jina, simu, hisa, mfuko, mkopo. Ukiongeza ufunguo mpya hakuna anayesogea. Nilipenda, lakini sikubaliani na wanaosema kamusi inamaliza tatizo. Orodha ikikosewa, mara nyingi inagoma. Kamusi ikikosewa inanyamaza. Ukiandika "Mkopo" kwa herufi kubwa wakati ufunguo ni "mkopo", kamusi haitakulaumu, itakupa ile thamani ya endapo haipo, na kama ni sifuri basi mama mwenye mkopo mkubwa anaonekana hana deni. Bila zile taratibu za zambarau, ambamo ufunguo umeandikwa mara moja tu, nisingethubutu kuhama.

Mabadiliko yaliyonisumbua zaidi hayakugusa umbo hata kidogo. Mzunguko mpya ulipoanza, kikao kilipandisha bei ya hisa kutoka shilingi 2,000 hadi 5,000. Kwenye data, uwanja wa hisa ulikuwa na idadi: hisa 12, hisa 30. Bei ilikaa kwenye kigeu kimoja cha chungwa juu ya ukurasa. Kubadilisha 2,000 kuwa 5,000 ni kugusa kijibloku kimoja, sekunde moja. Na ukifanya hivyo, hisa zote za mzunguko uliopita, ambazo mgawo wake ulikuwa bado unamaliziwa, zinapanda bei papo hapo. Umbo lilelile, funguo zilezile, namba zilezile, maana tofauti. Hakuna hitilafu itakayojitokeza, kwa sababu kwa programu hakuna kilichobadilika. Nililihesabu hilo kuwa toleo jipya kamili, pamoja na ngazi yake ya kupanda: kila ununuzi wa hisa ukawa na tarehe, idadi na bei ya siku hiyo, na idadi ya zamani ikageuzwa kuwa ununuzi mmoja wenye bei ya 2,000. Siku hizi nikiambiwa "ni kubadilisha namba tu", naomba kwanza niambiwe namba hiyo imetumika kuhesabu nini huko nyuma.

Kuongeza namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hakukuwa na mambo mengi. Vikundi kama hivi vimewekwa daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na viongozi walipokuwa wanashughulikia usajili walitaka taarifa za kila mwanachama ziwe kamili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ihifadhi kama maandishi, si namba, maana hakuna mtu atakayeijumlisha. Balaa lilikuwa nje ya programu: tulipotoa faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, na katibu akalifungua kwa Excel, Excel haishiki zaidi ya tarakimu 15, hivyo zile tano za mwisho zikageuka sifuri kwa kila mtu, na namba za simu zikapoteza sifuri ya mbele. Akilihifadhi tu na kunirudishia, data imeharibika. Sasa tunaiandika NIDA na vistari vyake, kama ilivyo kwenye kitambulisho, na Excel inaiacha ilivyo.

Mafaili yanayotembea kati ya simu yana kanuni yao. Mweka hazina ndiye anayeandika. Katibu na mwenyekiti wanapokea nakala kwa WhatsApp. Kwa hiyo faili nalo lina toleo ndani yake. Faili la zamani likiingia kwenye programu mpya linapandishwa kama data nyingine yoyote. Faili jipya likiingia kwenye programu ya zamani, programu inalikataa na kusema, "Pata programu mpya kwanza." Mwenyekiti alilalamika kwamba simu yake inamfukuza. Nikamwambia mzee, ni bora ikufukuze kuliko ikusomee vibaya.

Nisisahau la ufunguo wa kusaini, kwa anayepokea mradi wa mtu mwingine. Android haikubali kusakinisha apdeti juu ya programu iliyopo ikiwa saini ni tofauti, na App Inventor inasaini kwa ufunguo wa akaunti ya aliyejenga. Faili la aia halibebi ufunguo huo. Jina la ndani la programu nalo App Inventor hulitunga kutokana na akaunti hiyo, kwa hiyo nilichojenga kwenye akaunti yangu hakikuweza kukaa juu ya programu ya mweka hazina. Njia ya mkato ni kuifuta ya zamani na kuweka mpya, na ukiifuta TinyDB nayo imekwenda, hisa zote, mikopo yote. Nikampigia yule kijana Dodoma, akaingia kwenye akaunti yake, akaingiza faili langu la aia kwa jina lilelile la mradi, akajenga, akanitumia. Dakika chache. Ukipokea mradi leo, hakikisha leo kwamba akaunti iliyoujenga itapatikana, kabla mwenyewe hajabadilisha namba ya simu.

Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere hutumia LabVIEW, lugha ya kuchora nyaya iliyotoka mwaka 1986 kwanza kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Nilipomsimulia haya alicheka, akasema kwao umbo lina makazi: unatengeneza faili la aina ya data, ukilibadilisha, michoro yote inayolitumia inabadilika nalo. Nilimwonea wivu hadi nilipomuuliza kuhusu vipimo vilivyokwisha kuhifadhiwa kwenye diski. Hapo akaacha kucheka. Faili la vipimo la mwaka jana liliandikwa kwa umbo la mwaka jana, na mchoro wa leo haulijui, isipokuwa kama waliitumia aina ya klasi, iliyoingia LabVIEW mwaka 2006, ambayo hubeba historia ya mabadiliko yake yenyewe. Wao hawakuitumia. Nao wana namba ya toleo mwanzoni mwa kila faili, na ngazi zao za kupanda.

Sasa hivi tuko kwenye maandalizi ya wadhamini. Kila mkopo unatakiwa uwe na wadhamini wawili, na mdhamini mwenyewe ni mwanachama, kwa hiyo siwezi tena kumtambua mtu kwa jina lake, hasa baada ya yule aliyeolewa. Kila mwanachama atapata namba yake ya kudumu, na mikopo itatoka ndani ya mwanachama iende kwenye orodha yake yenyewe. Ni ngazi kubwa kuliko zote tulizopanda. Nimemwambia katibu aniletee majina ya wadhamini wa mikopo yote iliyo hai kutoka kwenye daftari, na pale ambapo hawakuandikwa asibahatishe, aniachie wazi. Amesema ataleta baada ya kikao cha Jumamosi.